Lava au tufu: jiwe lipi liende msingini, lipi lipande ukutani?

Ukianza kujenga Arusha au Moshi, swali la mawe linakuja mapema kuliko la mabati. Dereva wa lori anauliza unataka yapi: meusi mazito, au yale ya kijivu mepesi ya kuchonga? Fundi ana pendekezo lake, jirani ana lake, na mwenye nyumba mara nyingi anaishia kuamua kwa rangi: meusi anaona ni imara, ya kijivu anaona ni maridadi.

Mimi naona rangi ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote. Mlima Meru una majivu meusi yanayopukutika mkononi, na una lava ya kijivu inayoshindana na nyundo. Cha kuuliza ni namna jiwe lilivyozaliwa. Je, lilitoka ardhini likatiririka hadi likaganda, au lilirushwa angani vipandevipande likaanguka na kushikamana baadaye? Lililotiririka ni lava. Lililorushwa ni tufu. Yote mawili yanaweza kuwa yametoka kwenye mlima mmoja, hata kwenye mlipuko mmoja, lakini ndani ya nyumba yanaishi maisha tofauti kabisa.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho, jibu langu ni hili: lava iende chini, tufu ipande juu. Sababu zake, na pale ambapo kanuni hii inavunjika, ndizo zinazofuata.

Lililotiririka

Huku kwetu, kwenye Bonde la Ufa, ganda la dunia linavutwa pande mbili. Likivutika linakonda, mwamba wenye joto kali ulio chini yake unapanda, na kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo unavyopungua, mpaka sehemu yake inayeyuka. Watu wengi wanadhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Hakuna. Chini kule ni mwamba mgumu, wenye joto, na kinachoyeyuka ni sehemu ndogo tu. Hiyo sehemu ndogo ndiyo magma, na ikifika juu ya ardhi na kutiririka tunaiita lava. Lava ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi za Selsiasi.

Kilimanjaro ulijengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, na volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ilianza kiasi cha miaka milioni 2.5 iliyopita na ndiyo iliyozimika kwanza. Leo imebaki uwanda na ukingo wake. Mawenzi imeliwa na mmomonyoko hadi imebaki meno ya mwamba. Kibo, yenye kilele cha mita 5,895, ndiyo changa kuliko zote, na ndiyo ina lava moja ambayo nampendekezea kila mpandaji aiinamie na kuitazama kwa karibu. Ina fuwele za madini ya feldispa zenye umbo la msambamba, kubwa kiasi cha kuonekana bila miwani, zimepandwa ndani ya jiwe jeusi. Lava hiyo ina umri wa miaka 360,000 hivi. Fuwele zile hazikukua baada ya lava kutoka. Zilikua polepole wakati magma ingali imetulia chini ya mlima. Kisha magma ikatoka, ikapoa haraka, na kilichobaki kikaganda kikiwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Jiwe moja limebeba historia mbili, ya kupoa taratibu na ya kupoa ghafla.

Sasa uainishaji. Wataalamu hawaiti lava kwa rangi wala kwa ugumu. Wanaiita kwa kemia. Wanapima kiasi cha silika (ile inayounda mchanga na kioo) na kiasi cha soda na potasi, kisha wanaangalia jiwe limeangukia wapi kwenye mchoro uliokubaliwa kimataifa tangu mwaka 1986. Yenye silika asilimia 45 hadi 52 na soda na potasi kidogo ni basalti. Yenye silika zaidi kidogo, na soda na potasi nyingi sana, ni fonoliti. Fonoliti haina kwatzi, yaani madini ya silika tupu. Mahali pa kwatzi kuna madini ya nefelini. Yenye silika kidogo lakini soda nyingi ni nefelinaiti.

Hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu mitaani kila jiwe jeusi huitwa basalti. Kilimanjaro una basalti kweli, tena una mfululizo mrefu kutoka basalti hadi trakiti (lava nyingine yenye silika nyingi kuliko basalti) na fonoliti. Lakini Meru ni mlima wa fonoliti na nefelinaiti hasa. Anayejenga Arusha na kusema msingi wake ni wa basalti, mara nyingi amejenga kwa fonoliti. Kwa uimara hapotezi kitu. Ila akitaka kulinganisha uzito au bei ya kokoto kutoka sehemu mbili, ni vizuri ajue analinganisha nini na nini, kwa sababu basalti ngumu huwa nzito zaidi.

Lililorushwa

Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapanda na kupasuka kimya. Uji mzito wa ulezi unatema, na ukikaa karibu unakuunguza mkono. Magma ndivyo ilivyo. Ikiwa nyepesi, gesi inatoroka na lava inatiririka. Ikiwa nzito na imejaa gesi, mapovu yanazuiwa ndani hadi yanapasua magma yenyewe kuwa vipande. Maji ya chini ya ardhi yakikutana na magma pia yanaweza kuzua mlipuko wa aina hiyo. Kinachorushwa ni vipande vya kioo cha volkano, fuwele zilizovunjika, na mabonge ya mwamba wa zamani yaliyong'olewa njiani.

Uainishaji wake hapa unabadilika kabisa, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Hatuanzi na kemia. Tunaanza na ukubwa wa kipande. Chembe zilizo chini ya milimita 2 zinaitwa jivu, hata kama hazikuungua moto wa aina yoyote. Kati ya milimita 2 na 64 ni lapili. Zaidi ya hapo ni mabonge. Jivu likishikamana linakuwa tufu. Jivu lililochanganyika na lapili linakuwa tufu ya lapili. Mabonge yenye pembe kali yakishikamana yanakuwa breksia ya volkano. Baada ya hapo ndipo mtu anauliza ndani mna kioo zaidi, fuwele zaidi au vipande vya mwamba. Na mwisho anauliza jivu lilifikaje: lilinyesha kutoka angani, au lilikuja kama wingu zito la moto linaloparamia ardhi? Wingu la moto likiwa na joto la kutosha, vipande vya kioo vinalainika na kushikana vyenyewe, na tufu inayotokea ni ngumu karibu sawa na lava. Jivu lililonyesha kwa kawaida hutulia likiwa limepoa, na linahitaji maji, madini na muda mrefu ili liwe jiwe.

Je, tufu ni mwamba wa moto au ni mwamba wa mashapo? Shuleni tulifundishwa makundi matatu, la moto, la mashapo na la miamba geu, na tufu inakaa vibaya kwenye makundi yote. Imezaliwa na moto, imelala kama mashapo. Kanuni inayotumika ni hii: robo tatu au zaidi ya jiwe ikiwa ni vipande vilivyorushwa na volkano, linahesabiwa kwenye jamii ya volkano. Ikiwa ni chini ya robo moja, ni mashapo tu, ingawa vipande vyake vimetoka mlimani. Katikati ni mchanganyiko. Naiunga mkono kanuni hii kwa sababu inamlazimisha mtu aangalie jiwe lenyewe badala ya kuangalia mlima ulioko karibu. (Kundi la tatu, miamba geu, tunalo pia: Mererani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, imekaa juu ya miamba ya aina hiyo, mikongwe kuliko Meru na Kilimanjaro kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Ni habari nyingine.)

Kwa wakazi wa mashariki mwa Arusha mpaka huo si wa vitabuni tu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, ndiyo maana kasoko yake imefunguka upande mmoja. Mlima ulishuka kuelekea Momella na nyanda zilizo kati yake na Kilimanjaro, mawe makubwa ya lava yakiwa yamezama ndani ya majivu na tope. Vilima vidogovidogo vya Momella na maziwa yaliyo katikati yake ni alama za tukio hilo. Ukichimba sehemu hizo unaweza kupata lava na tufu ndani ya shimo moja, pamoja na udongo ambao si hili wala lile. Anayeuza mawe kutoka shimo kama hilo anaweza kukuletea safari ya kwanza nzuri na ya pili mbovu bila kukudanganya hata kidogo.

Udongo huohuo una jambo lingine ambalo siwezi kuliacha. Miamba ya Meru ina floridi nyingi, na majivu kwa kuwa ni laini huiachia majini kwa urahisi. Anayechimba kisima kwenye mashapo hayo apime maji kabla ya kunywa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watu wetu wengi yametokana na hilo, na kwa mtoto madhara hayarudi nyuma.

Kabla mtu hajaidharau tufu, akumbuke Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 hivi iliyopita, mstari wa karibu mita 27. Walilikanyaga jivu la volkano lililokuwa limeloweshwa na mvua. Jivu likakauka, likaganda, na jivu jingine likaanguka juu yake. Lava isingeweza kufanya kazi hiyo. Ingechoma kila kitu. Ni tufu tu, kwa ulaini wake wa mwanzo na ugumu wake wa baadaye, iliyoweza kutunza alama ya kisigino na kidole gumba.

Ukiwa umesimama mbele ya lundo

Kwenye lundo la mawe kando ya barabara, upande wa Tengeru, nilimkuta fundi mawe mmoja mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza anatofautishaje. "Marahaba mwanangu," akajibu, "usiangalie, sikiliza." Akagonga jiwe la kwanza kwa nyundo ndogo, likalia kwa sauti kali, karibu kama chuma. Akagonga la pili, likatoa sauti ya bubu, dup. Lile la kwanza lilikuwa fonoliti. Lililia kwa sababu lava iliyoganda vizuri haina nafasi ndani ya kumeza mtikisiko. Tufu imejaa matundu, sauti inafia humo.

Kisha akachota maji kwenye kopo na kumwagia yote mawili. Kwenye lava maji yaliteremka na kuacha uso unaong'aa. Kwenye tufu yalipotea hapohapo, pakabaki doa jeusi lililokuwa likitanuka taratibu. Vipimo viwili hivyo vinatosha kwa mawe mengi. Mimi huongeza cha tatu: pasua jiwe, usiamini uso wa nje uliokaa juani, kisha kwaruza sehemu mpya kwa msumari. Msumari ukichimba mfereji na kutoa unga, hiyo ni tufu laini. Ukiacha mstari wa kung'aa wa chuma, jiwe limeushinda msumari.

Uzito nao unasema. Pande la basalti isiyo na matundu lenye ujazo wa debe la lita 20 lina kilo 56 hadi 60, na la fonoliti linakaribia 50. La tufu ya kawaida lina kilo 24 hadi 40. Vibarua wanaopandisha mawe jukwaani wanaijua tofauti hiyo jioni, mgongoni.

Ndani ya nyumba

Nguvu ya kubeba mzigo si tatizo kubwa kama watu wanavyofikiri. Lava ngumu mara nyingi inavuka megapaskali 100 (kipimo cha mgandamizo ambao jiwe linahimili kabla ya kupasuka). Tufu laini inaweza kuwa na 5 hadi 30. Zege ya kawaida ya nyumba ni 20 hadi 25. Kwa hiyo tufu nzuri, ikiwa kavu, inabeba nyumba ya chini bila shida. Neno la kushika ni hilo, kavu. Tufu ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na ikilowa na kukauka kila msimu wa mvua huanza kumomonyoka usoni, mchanga unamwagika, kona zinaviringika. Ndiyo maana naipinga kabisa tufu msingini, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kama wa nyanda za chini za Moshi, unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Udongo huo unavuta na kusukuma. Jiwe linalonyonya maji halifai kukaa humo.

Lava haina shida hiyo, lakini ina shida zake. Haichongeki kirahisi: tindo inaisha, fundi anachoka, mawe hayafanani, na mwanya kati ya jiwe na jiwe unajazwa na saruji nyingi. Ukuta wote wa lava ni ghali kwa sababu ya mikono na saruji, hata pale jiwe lenyewe linapokuwa rahisi. Na wengine wanadhani lava inaziba unyevu peke yake. Haizibi. Unyevu unapanda kupitia saruji iliyo katikati ya mawe, kwa hiyo tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi ni lazima hata ukitumia lava tupu.

Ukutani tufu inashinda, na sioni ubishi. Inakatwa kwa umbo unalotaka, pembe inakuwa pembe, kozi zinalala sawa, plasta inaishika. Matundu yake yanabeba hewa, hivyo joto linapita polepole: nyumba ya Moshi haiwaki mwezi wa pili mchana, na ya Arusha haigandi usiku wa mwezi wa saba. Mafundi wakumbuke tu kuilowesha kidogo kabla ya kuipanga, la sivyo inanyonya maji ya udongo wa saruji na kuuacha mkavu kabla haujashika. Na paa litoke nje vya kutosha, ili mvua isipige ukuta moja kwa moja.

Tufu ina faida moja zaidi ambayo lava haina. Kioo cha volkano kilichosagwa, kikikutana na chokaa na maji, kinatengeneza kitu kinachoshika kama saruji. Hiyo ndiyo pozolana, na Warumi walijenga nayo bandari na mahekalu ambayo bado yamesimama. Huku kwetu pozolana inachimbwa Holili kwa ajili ya viwanda vya saruji, na matofali ya pozolana yameenea Arusha. Yanatokana na familia hii ya mawe yaliyorushwa. Lava ina kemia inayokaribiana, lakini sehemu kubwa yake imeshakuwa fuwele, na fuwele hazitaki kuungana na chokaa kama kioo kinavyotaka.

Pale kanuni inapovunjika

Lava nyingine hazifai kujengea. Sehemu ya juu ya mtiririko mara nyingi imejaa matundu ya gesi, na kutoka kwenye vilima vidogo vya volkano tunapata ile moramu nyekundu, ambayo wekundu wake ni kutu ya madini ya chuma. Ni nzuri barabarani na chini ya jamvi, lakini si jiwe la msingi. Kuna pia lava iliyooza, yenye ganda la kahawia linalobanduka tabaka kwa tabaka. Ukiipasua na kukuta ubichi mdogo tu katikati, iache.

Na kuna Ol Doinyo Lengai. Ndiyo volkano pekee hai inayojulikana duniani kutoa lava ya kaboneti ya soda. Lava hiyo ina nyuzi 500 hadi 600 tu, inatoka nyeusi, na ikikutana na unyevu inageuka nyeupe na kulainika ndani ya muda mfupi. Ni lava halali kwa asili yake, lakini huwezi kujengea hata banda la kuku. Mlima huohuo mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kumwaga majivu. Mlima mmoja, mawe ya aina zote mbili.

Kwa upande wa tufu, ile iliyoshikana kwa joto la wingu la moto inaweza kwenda hata msingini. Utaitambua kwa sauti yake inayolia, kwa maji yasiyozama, na kwa vipande vya kioo vilivyolala bapa upande mmoja. Ukipata machimbo yake usiyaache.

Ukiweza, nenda machimboni kabla ya kulipa. Simama mbele ya ukuta wa shimo. Lava inaonyesha nyufa za kusimama, zilizotokana na jiwe kusinyaa likipoa, na wachimbaji wanapenyeza kabari humo. Tufu inaonyesha mistari ya kulala, mlipuko mmoja juu ya mwingine, laini na yenye chenga zikipokezana. Ukiona mawe yametapakaa ndani ya udongo bila mpangilio wowote, hayo ni maporomoko, na hapo kila safari ya lori lazima ipimwe upya.

Baada ya hapo agiza: lava kwa msingi na kozi mbili juu ya ardhi, kisha tabaka la kuzuia unyevu, kisha tufu hadi kwenye linta. Dereva alete safari moja kwanza. Toa mawe matatu kutoka chini ya lundo, si juu, yalaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi uyagonge tena mbele yake.